BIBI TULIOWAACHA NYUMBANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo sitasema habari za mshahara. Nataka kusema habari za bibi zetu tuliowaacha Kisii na Nyamira.

Safari hii si mpya. Tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa ya majani chai yalipoanzishwa Kericho, wanaume wa Kigusii wamekwenda huko kutafuta kazi, na wengine Nairobi na Mombasa. Ardhi yetu ina rutuba, lakini watu ni wengi, na kila baba akiwagawia wanawe, kipande huzidi kuwa kidogo. Basi mume huenda, bibi hubaki na jembe, watoto na wazee.

Mimi nilijiona mume mwema, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi nilituma pesa. Siku moja nilikwenda nyumbani kwa matanga, nikamkuta bibi amekonda. Nikamwuliza, "Je, pesa hazifiki?" Akajibu, "Baba watoto, pesa zinafika. Wewe hufiki."

Akanieleza. Mtoto aliposhikwa na homa usiku, alimbeba mgongoni peke yake mpaka hospitali. Majirani husema nimeoa mwingine mjini. Mama yangu humwuliza habari ya kila shilingi. Usingizi hapati, wala hana wa kumwambia. Ndugu zangu, sikuwa na jibu.

Mtu asiyelala, asiyekula, anayelia kila siku, tusiseme amerogwa wala ni mvivu. Huo waweza kuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine, nao una matibabu. Apelekwe hospitali.

Tufanye nini? Kwanza, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa hufika upesi, lakini pesa haina sauti. Piga simu, uliza hali yake kabla ya kuuliza habari ya ng'ombe. Mwambie mshahara wako kamili, na mama yako pia ajue, ili bibi asishukiwe bure.

Pili, akitaka kwenda kulima na wenzake katika egesangio, usimkataze. Pale wanawake husaidiana kwa zamu, na mzigo wa moyo huteremshwa pamoja na wa mikono.

Tatu, chukueni livu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili, na baba hupewa majuma mawili mtoto akizaliwa. Ukinyimwa, lete habari kwa chama.

Nne, chama chetu kidai nyumba ambamo mtu aweza kukaa na jamaa yake, si chumba cha kitanda kimoja tu.

Ndugu, tunamwambia tajiri kila siku kwamba mfanyakazi si mashine. Basi na bibi aliye nyumbani si mashine. Yeye pia anafanya kazi, na hana chama cha kumsemea. Tumsemee sisi.