Chombo cha Haja cha Sungura: Kwanza Uliza Kilibeba Nini



Bwana mmoja amenitania pale mlangoni kwamba siku hizi hata choo cha sungura kina wataalamu wake. Tumecheka pamoja. Lakini nilipomuuliza chombo anachotumia nyumbani amekipata wapi, alisema ni pipa la buluu lililokatwa nusu, alilouziwa sokoni, na lilikotoka halijui. Basi mazungumzo yangu ya leo yanaanzia kwenye pipa hilo.

Sungura ni mnyama msafi kwa tabia. Ukimwacha achague, atachagua pembe moja ya banda au ya chumba, na hapo ndipo atakapokojoa siku zote. Kwa sababu hiyo ni rahisi kumwekea chombo cha haja: unakiweka katika pembe aliyoichagua mwenyewe, unatia matandiko makavu, unaweka na kiganja cha nyasi upande mmoja, maana hupenda kula huku akijisaidia. Baada ya siku chache atakuwa amezoea.

Ila mjue kwamba sungura hakitumii chombo kile kama sisi tunavyotumia choo. Hukaa humo muda mrefu, hulala humo, hutafuna kingo zake, hula nyasi zilizogusa sakafu yake. Meno yake hukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu. Tena hana uwezo wa kutapika. Kikishashuka kooni hakirudi. Chochote kilichojificha katika chombo hicho, kiwe rangi, kutu au kemikali, kina njia ya kuingia tumboni mwake.

Katika mji mwingine ningesema hayo na kuendelea. Hapa kwetu, kutoka Kahama hadi Geita, hadi Nyarugusu na Rwamagasa, siwezi. Katika ukanda huu watu huchenjua dhahabu kwa zebaki, na penye plenti za kuchenjulia marudio hutumika sayanidi. Kemikali hizo huja ndani ya vyombo, na chombo kikiisha kazi hakipotei. Huuzwa, hukatwa, huoshwa, lebo hukwanguliwa, kisha huonekana barabarani kimepangwa pamoja na madumu ya mafuta ya kula. Kwa macho hutavitofautisha.

Nilipata kufika katika nyumba moja karibu na machimbo, ambako sungura watatu walikuwa wamekufa katika muda wa wiki mbili. Sikuwa na maabara mkononi, wala sitasema mbele yenu kwamba najua kilichowaua. Kilichonitia hofu ni kwamba hakuna mtu katika nyumba ile aliyeweza kusema beseni lao la haja lilikuwa la nani kabla yao, na aliyekuwa akilisugua kila asubuhi, kwa mikono mitupu, alikuwa binti wa miaka tisa. Tulikuwa tunazungumza habari za sungura, lakini mimi nilikuwa naitazama mikono ya yule mtoto.

Wengi husema, nitaosha kwa sabuni na maji ya moto. Zebaki haiondoki hivyo. Ni metali, lakini ni majimaji. Hujigawa vipunje vidogo mno, vikajificha katika mikwaruzo ya plastiki na katika maungio, na kutoka huko hugeuka mvuke hata kwa joto la kawaida la chumba. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Maji ya moto huuzidisha. Hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto huumia upesi kuliko mtu mzima. Ndiyo maana mataifa yaliafikiana mwaka 2013 juu ya Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, nasi Tanzania tumo.

Sayanidi ni habari nyingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mara nyingi tunawashauri wafugaji wasafishe chombo cha sungura kwa siki au ndimu, kwa kuwa mkojo wake una chokaa nyingi na huacha ukoko mweupe ambao sabuni haiutoi. Ushauri huo ni mwema kwa beseni ulilolinunua jipya. Lakini kitu chochote chenye uchachu kikikutana na masalia ya sayanidi hutoa hewa yenye sumu kali, inayoweza kumuua mtu. Kwa hiyo asije mtu akalimwagia siki pipa asilolijua, akidhani analitakasa.

Basi ununue nini? Nunua beseni jipya la plastiki nene, la mstatili ukiweza kulipata, kwa sababu linakaa vizuri pembeni. Kwa kawaida bei yake haifikii bei ya sungura mwenyewe. Liwe na nafasi ya kutosha sungura ageuke na ajinyooshe: kwa sungura mkubwa wa kilo tatu au nne, sentimita 50 kwa 40 zinafaa. Kingo zifike sentimita 15 hivi ili mkojo usiruke nje, na upande mmoja uwe chini zaidi kwa ajili ya watoto wa sungura na wazee. Ukikata mwenyewe, piga msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Plastiki nyembamba iache, kwani atameza vipande na matumbo yataziba. Debe la bati huliwa na mkojo likashika kutu. Ubao hunywa mkojo na kunuka, na kama umepakwa rangi ya zamani, rangi hiyo huenda ina risasi. Wavu wa chuma peke yake chini ya miguu humtia vidonda vya nyayo.

Kama ni lazima ununue kilichotumika, kiwe na lebo yake ya asili, na muuzaji akubali kukuandikia risiti inayotaja kilichokuwamo. Akisita, mwachie chombo chake.

Juu ya matandiko nitasema kwa ufupi, isipokuwa jambo moja. Nyasi kavu na majani makavu ya mpunga, ambayo Shinyanga hatuna shida nayo, yanafaa. Magazeti yaliyochanwa yanafaa pia chini ya nyasi. Maranda ya mbao uliza yametoka kwa fundi gani, maana mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa hazifai kabisa. Jambo lenyewe ni mchanga. Nimeona watu wakichota marudio, yale mabaki laini yanayotoka kwenye karasha na mialo, wakayatandika chini ya sungura kwa kuwa ni bure na yananyonya vizuri. Marudio hubaki na zebaki, na mawe ya dhahabu huweza kuandamana na aseniki. Sungura hujiramba miguu mchana kutwa. Msitumie marudio kwa sungura, kwa kuku, wala kwa kusakafia mahali watoto wanapochezea.

Matandiko yaliyolowa yatolewe kila siku, la sivyo hewa kali ya mkojo itamchoma macho na mapafu. Mara moja kwa wiki loweka beseni kwa siki iliyochanganywa na maji, sugua, suuza, anika juani. Dawa ya klorini ya kufulia usiimimine juu ya mkojo, wala usiichanganye na siki. Katika hali zote mbili hutoka hewa ya sumu.

Mkojo wa sungura ukiwa mwekundu usishtuke mara moja. Majani mengine huutia rangi. Lakini sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku, au anayetokwa na udenda, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mwambie daktari anakalia chombo gani.

Yule bwana wa pipa la buluu ameniuliza sasa alifanyie nini. Usilichome, bwana, maana moshi utaingia kwa jirani. Usilitupe kisimani wala mtoni, na usimuuzie mwenzako. Vaa glavu, liweke nje mahali watoto na mifugo hawafiki, usilikusanyie maji ya mvua, kisha mwone afisa afya wa kata. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Huko ndiko wanakoweza kukuambia lilibeba nini. Sungura wako mpe hata boksi la karatasi kwa leo. Atalitafuna, lakini halitamdhuru, na kesho utamnunulia beseni.