MTOTO APIGE YOWE
(Maneno ya Katibu wa Tawi, mkutano wa ushirika)



Tunawaambia watoto "jihadhari na mgeni". Haitoshi. Mwaka 2024 kule Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino aliibwa nyumbani akauawa. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba mzazi.

Basi mtoto asifuatane na mtu yeyote, hata mjomba, mpaka mama aambiwe. Akivutwa mnadani ang'ate, apige yowe, akimbilie akina mama wanaouza. Ajue jina la baba, kitongoji na balozi.

Na sisi tukisikia tutoke mbio, kama tunavyoitika mwano wa ng'ombe. Akipiga yowe bure, jamani, tusimcheke.

Mwenye habari anayeogopa kusema hapa apige 116, hailipiwi.