Askari Wanapokuja na Jembe

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Matayos)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo lililozua kelele katika mkutano uliopita. Ndugu mmoja aliuliza hivi: mto ukifurika tena, na Serikali ikaleta askari, je, chama chetu kiwapokee au kijitenge nao? Wengine walijibu kwamba askari ndiye mwokozi, kwa kuwa ana mashua, ana lori, ana ndege. Wengine wakasema askari ni askari tu, na palipo bunduki hapana huruma. Mkutano ukavunjika kabla ya jibu kupatikana.

Sisi si watu wa elimu kubwa. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, na yaliyobaki tulifundishwa na koleo na tuta la reli. Lakini tumeuliza, tumesoma, tumewasikiliza wazee, na leo twaleta mbele yenu tulichokipata.

Kwanza tukumbuke mahali tunapokaa. Mto Sio unapita kwetu ukienda ziwani. Chini yetu kuna Nzoia, utokao milima ya Cherangani na Elgon ukaingia ziwani huko Bunyala. Mtu wa Budalangi aweza kulala jua likiwa limewaka mchana kutwa, akaamka maji yamefika kitandani, kwa sababu mvua ilinyesha mbali, huko juu. Mwaka wa 2003 ilikuwa hivyo, mwaka wa 2008 ikawa hivyo, na mwaka wa 2020 kingo za mto zilivunjika tena, wakati ziwa nalo limepanda hata kufikia kipimo cha miaka ya 1960. Basi neno hili si hadithi ya mbali. Wengi wetu hapa tuna shemeji au shangazi aliyewahi kulala kambini.

Wazee wanaikumbuka mvua ya mwaka wa 1961. Barabara zilikatika, vijiji vikabaki kama visiwa. Ndipo ndege za Jeshi la Anga la Uingereza, zilizokuwa na kituo chao Eastleigh, Nairobi, ziliporuka na kuwaangushia watu chakula. Watu walikula, wakapona. Lakini jeshi hilo hilo la anga, miaka michache tu kabla ya hapo, lilikuwa limeangusha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Jeshi lilikuwa lile lile; kilichobadilika ni amri. Kwa hiyo twaona kwamba haitoshi kuuliza kama askari ni mwema au mbaya. Yafaa kuuliza: ametumwa na nani, kufanya kazi gani, na kwa siku ngapi?

Tutazame sasa majirani zetu. Tarehe 1 Machi mwaka wa 2010, huko Bududa, upande wa pili wa Mlima Elgon, mlima uliteremka na kukifunika kijiji cha Nametsi, nyumba, soko na zahanati. Miili karibu 100 ilipatikana. Mamia ya watu hawakuonekana tena. Mashine kubwa hazikuweza kupanda kule, maana njia zilikuwa tope tupu. Serikali ya Uganda ilipeleka askari, nao wakachimba kwa majembe na makoleo pamoja na wanakijiji. Sisi tunaoijua kazi ya koleo twajua maana ya kuchimba udongo mzito wa mvua, tena ukimtafuta mtoto wa mtu ndani yake. Askari yule alikuwa kibarua mwenzetu siku ile.

Mwaka wa 2000, Msumbiji ilifurika. Mto Limpopo na mto Save ilifunika nchi, watu wakapanda juu ya mapaa na miti. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini ziliokoa watu zaidi ya 14,000. Mama mmoja alijifungua mtoto wa kike, Rosita, akiwa juu ya mti, na helikopta ya jeshi ikawachukua wote wawili. Ndege za nchi za mbali nazo zilikuja, tunazishukuru, lakini nyingi zilifika watu wengi wakiwa wamekwisha kuokolewa au kuchukuliwa na maji. Hapo tujifunze kwamba aliye karibu ndiye afikaye.

Na mwezi wa Machi mwaka wa 2023, kimbunga kilichoitwa Freddy kiliipiga Malawi, hasa pande za Blantyre. Watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Tanzania ilipeleka tani 1,000 za unga wa mahindi, mahema na mablanketi, pamoja na helikopta na askari wa Jeshi la Wananchi. Askari wa nchi moja aliingia nchi nyingine, wala hapakuwa na ugomvi, kwa sababu alikaribishwa na mwenye nyumba.

Hilo latuhusu sisi wa mpakani. Malaba na Busia, tuta la reli na barabara havijui mpaka, na mafuriko hayajui mpaka. Lakini askari sharti aujue. Behewa haliwezi kuvuka Malaba bila karatasi zake. Askari wa Uganda naye hawezi kuja huku, wala wa Kenya kwenda kule, bila Serikali mbili kukubaliana. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamekuwa yakifanya mazoezi ya pamoja yaitwayo Ushirikiano Imara, na ya mwaka wa 2022 yalifanyika Jinja. Kusaidiana wakati wa maafa ni moja katika mambo wanayojifunza humo. Ni jambo jema. Ni afadhali maofisa wafahamiane kabla ya maji kuja kuliko kuanza kuulizana majina maji yakiwa kiunoni.

Sasa tufike kwenye sheria, maana chama kisichojua sheria ni kama treni isiyo na breki.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 241, inasema kwamba Majeshi ya Ulinzi yatasaidia na kushirikiana na wakuu wengine wakati wa hatari au maafa, na kila yanapotumwa kwa kazi hiyo yatatoa habari kwa Bunge la Taifa. Tazameni maneno hayo: kusaidia, na kushirikiana. Hayasemi kutawala. Kutumia askari kurudisha amani ndani ya nchi ni jambo jingine, na hilo lahitaji idhini ya Bunge.

Kwa majeshi ya kigeni, mataifa na mashirika ya misaada yalipatana mwaka wa 1994 huko Oslo, mji wa Norway, na mapatano hayo yakatengenezwa tena mwaka wa 2006 na 2007. Si sheria yenye kifungo, ni mwongozo, lakini una busara. Wasema hivi kwa ufupi: jeshi liitwe pale tu ambapo hakuna raia wawezao kufanya kazi ile kwa wakati, liombwe au likubaliwe na nchi yenye maafa, kazi yote iongozwe na raia, nchi iliyopatwa isidaiwe gharama, askari waje na sare zao lakini kwa desturi bila silaha, tena wakae kwa muda uliopimwa. Na inafaa zaidi askari watengeneze barabara na daraja, wabebe mizigo kwa ndege na lori, kuliko wao wenyewe kusimama na kugawa unga mkononi mwa watu.

Kwa nini mwongozo uwe mkali namna hiyo? Jibu hatulitafuti mbali. Mwezi wa Machi mwaka wa 2008 jeshi lilipelekwa Mlima Elgon kuwapiga wale waliokuwa wakiua watu huko kwa ajili ya ardhi. Wauaji wale walikuwa wabaya kweli. Lakini mwaka ule ule mashirika ya haki za binadamu, kama Human Rights Watch, yaliandika kwamba wanaume wengi wasio na hatia walikamatwa na kuteswa na askari, na wengine hawakurudi nyumbani. Mama aliyempoteza mumewe namna hiyo, akiona gari lenye rangi ya jeshi linakuja usiku wa mafuriko, atapanda au atakimbilia shambani na watoto? Tusimcheke. Woga wake una sababu. Ndiyo maana askari wa mafuriko lazima awe na mtu anayejulikana mbele yake: chifu, mzee wa mtaa, mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu, au sisi wa chama.

Ndugu, twataka tuwaambie jambo moja zaidi, na hili ndilo lililotukosesha usingizi.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka wa 2024, maji yaliporomoka huko Mai Mahiu na kuwachukua watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 45 walikufa. Kwanza ilisemwa kwamba ni bwawa lililopasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa. Maji yalikuwa yamezuiliwa na tuta la reli, kwa sababu kalvati iliyo chini ya tuta ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na udongo. Tuta likashindwa, likaachia. Siku zile mvua ilikuwa imeua watu wengi nchini, na hata ilipokwisha hesabu ilifika karibu 300. Serikali ikawatuma askari kuhamisha watu na kutafuta waliozikwa na tope. Walifanya kazi, twawashukuru.

Lakini sisi ni watu wa reli. Sisi twajua kalvati ni nini. Twajua kwamba genge lenye watu wa kutosha, lenye makoleo na mapanga, laweza kuizibua kalvati kwa siku chache kabla ya mvua. Genge hilo likipunguzwa watu, au likikosa trole na buti, magogo hukaa pale yakingojea. Sisi wenyewe mwaka mmoja tuliandika barua mara mbili juu ya kalvati iliyoziba, na ofisi iliyopaswa kujibu haikujibu. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ndogo, Mungu akatusaidia. Hatukuwa na busara yoyote. Tulikuwa na bahati tu. Na baada ya Mai Mahiu tulitazamana tukanyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa akiikumbuka kalvati ile, na nyumba zilizo chini yake.

Basi jibu letu kwa swali la mkutano ni hili. Askari apokewe, kwa masharti. Lakini askari huja wa pili. Wa kwanza ni jirani mwenye mtumbwi na genge lenye koleo, na hao wa kwanza wakiachwa bila nguvu, helikopta zote za dunia zitakuja kuokota maiti.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza: kabla ya mvua za mwezi wa Machi, kila genge liandike orodha ya kalvati na madaraja yake, lipi ni zima, lipi limeziba. Nakala iende kwa wakubwa wa kazi, nakala kwa chifu, nakala kwa kaunti, na moja ibaki kwa katibu wetu, yenye tarehe na sahihi. Barua isiyojibiwa iletwe mkutanoni. Tusinyamaze tena.

La pili: tuwe na orodha ya vitu na watu. Nani ana kamba, nani ana taa, nani anajua kuogelea, wavuvi gani wa Port Victoria na Sio Port wako tayari kuitwa. Orodha hii haina gharama ila kalamu.

La tatu: tuchague watu watatu, mmoja wao awe mama, ambao askari wakifika watakwenda kwa mkuu wa raia anayesimamia msaada na kuuliza kwa adabu: amri inatoka kwa nani? Bunduki zitakaa wapi? Mtaondoka lini? Mtu akidhulumiwa, apeleke malalamiko wapi? Maswali hayo si matusi. Askari mwema atayafurahia, maana yanamlinda yeye pia.

La nne: mfanyakazi wa njia anayeitwa usiku kutengeneza tuta lililokatika alipwe saa zake za ziada, apewe buti na koti la mvua. Na siku maji yakipungua, askari arudi kambini na kazi ya tuta irudi kwa wenye kazi. Mgeni aliyekuja kuzima moto hapewi shamba la mwenye nyumba.

Tulipokuwa wadogo misheni walitufundisha habari ya yule Msamaria aliyemkuta mtu njiani ameumizwa. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni, kisha akaendelea na safari yake. Hakubaki pale akawa bwana wa ile nyumba. Askari wa namna hiyo, awe wetu au wa jirani, na aje. Sisi tutampokea tukiwa na makoleo mikononi, tope limetufika magotini, maana tutakuwa tumekwisha kuanza kazi.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Umoja ni nguvu.