Sura ya Gari na Soko Lake: Land Cruiser ya 70 kati ya Australia na Bugarama

Katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita nchini Tanzania, barabara za vumbi za Bugarama zimezoea Land Cruiser ya familia ya 70: boneti pana, kioo cha mbele kinachokaribia kusimama wima, na mkonga wa kuvutia hewa kutoka juu. Wengi husema gari hili halibadiliki. Hoja yangu ni kwamba limebadilika mara nyingi, na kila badiliko la umbo lake linaonyesha ni soko la nani lililokuwa likisikilizwa.

Familia hii ilizinduliwa mwaka 1984 kurithi ile ya 40, iliyoanza mwaka 1960. Wakati huohuo Toyota ilikuwa ikijenga ukoo wa pili: 60 mwaka 1980, 80 mwishoni mwa muongo huo, kisha 100 mwaka 1998. Matoleo hayo yalizidi kulainika kwa mviringo na starehe, hadi kuwa mashangingi ya wakubwa. Ukoo wa 70 ulibaki na bodi ya mistari iliyonyooka, ambayo fundi wa gereji huinyoosha kwa nyundo. Mwaka 1999 springi za vyuma bapa za mbele zilipisha zile za koili. Mwaka 2007 shoo ya mbele na fenda zikapanuliwa.

Upanuzi huo hauelezeki bila Australia, nchi ya migodi na masafa marefu. Huko gari lilipewa injini mpya ya dizeli ya V8 yenye lita 4.5, nayo ilihitaji nafasi. Magari mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki yalipata sura hiyohiyo, lakini ndani yaliendelea kubeba injini ya 1HZ ya lita 4.2, yenye silinda sita na isiyo na turbo, iliyotumika tangu mwaka 1990. Uso ulipanuliwa kwa ajili ya injini ambayo wengi wetu hatukuipata.

Atakayepinga atasema hilo ni jema: 1HZ ni rahisi kutengeneza, huvumilia mafuta duni, na mgodi hauhitaji mapambo. Nakubali kuhusu injini. Lakini pingamizi hilo linadhani kwamba umbo ni pambo tu, na kwamba magari yanayofanana yana ubora uleule. Mwaka 2016 pikapu ya kabini moja ya Australia iliongezewa mifuko ya hewa na fremu yenye nguvu zaidi, ikapata nyota tano katika majaribio ya usalama ya huko. Kwa macho, tofauti ni ndogo. Katika ajali, ni kubwa. Kampuni za migodi za Australia zilihitaji nyota hizo, nazo zikapatikana.

Wengine watasema soko letu ni dogo mno kuweza kuamuru kiwanda. Kwa gari moja moja, ndiyo. Lakini migodi, serikali na mashirika hununua kwa mafungu, na masharti ya zabuni ni sauti ya mnunuzi. Mwaka 2023 taa za duara zilirejeshwa kwenye uso wa gari hili, na wapenzi wake wakafurahi. Sisi tuulize swali gumu zaidi: toleo litakalombeba mchimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu lina mifuko mingapi ya hewa, na ni nani aliyeiandika idadi hiyo kwenye zabuni?