Mali Bila Daftari: Tuweke Hesabu ya Chakula Chetu

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Kikundi chaweza kuyasoma kwa sauti mkutanoni, kisha kujadili maswali yaliyo mwishoni.)



Nimeombwa niseme machache juu ya chakula bora na kuishi kwa uangalifu. Najua neno hili "lishe bora" mmelisikia kliniki mara nyingi, mpaka likitajwa wengine wanaanza kusinzia. Vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili mnavijua. Hata mtoto wa shule atavitaja bila kukosea. Kwa hivyo leo sitaanza na chakula. Nitaanza na kitu ambacho nyinyi mnakijua kuliko mimi, nacho ni daftari la kikundi.

Kila kikundi kilichosimama vizuri kina daftari. Aliyetoa ameandikwa, asiyetoa ameandikwa, na faini ya aliyechelewa imeandikwa pia. Shilingi kumi ikikosekana, mkutano haufungwi mpaka ipatikane. Mnafanya vizuri, kwa sababu wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa nawauliza. Nani hapa anaweza kuniambia sukari iliyoingia nyumbani kwake mwezi uliopita ilikuwa kilo ngapi? Kuku wake walitaga mayai mangapi, na watoto wakala mangapi kati ya hayo? Mnacheka, lakini hakuna anayejibu. Pesa tunazihesabu, chakula hatukihesabu. Na chakula ndicho mali ya kwanza. Mtu akiugua kwa sababu ya chakula, tunarudi kwa lile daftari la pesa kutafuta mchango wa hospitali. Ng'ombe anauzwa, karo inakwama, mkopo wa kikundi haulipwi.

Basi leo tufungue daftari la jikoni. Lina kurasa nne tu.

UKURASA WA KWANZA: KINACHOTOKA SHAMBANI

Tukiangalia boma zetu nyingi, kila kizuri kinaenda sokoni. Maziwa yanaenda kwa mnunuzi alfajiri. Mayai yanaenda dukani, ndizi zinapakiwa kwa lori, maharagwe yanauzwa yangali mabichi. Kisha pesa hiyo inarudi nyumbani ikiwa mkate, sukari, mafuta ya kupikia na soda. Tumebadilisha vyakula vya kujenga na kulinda mwili kwa vitu vya kutia utamu mdomoni. Hiyo ni biashara ya hasara, ingawa mkononi tunaona pesa.

Sisemi tusiuze. Karo lazima ilipwe, na chumvi haioti shambani. Ninachosema ni kwamba familia iwe mteja wa kwanza. Kuku wakitaga mayai kumi, tukubaliane nyumbani kwamba matatu au manne ni ya watoto na mama mjamzito, na yanayobaki ndiyo ya soko. Tuandike hivyo, maana tusipoandika, soko litachukua yote.

Halafu kuna mboga zetu za kienyeji. Kuna mnavu, ambao wengine mnauita managu, wengine osuga, wengine rinagu. Kuna mchicha, yaani terere. Kuna kunde, saga, mrenda na majani ya malenge. Kwa miaka mingi zilidharauliwa, zikaitwa chakula cha maskini. Mgeni akija, tulikimbilia kabichi. Lakini mchicha una vitamini A na madini ya chuma mengi kuliko kabichi. Mmoja wa watu waliozirudishia mboga hizi heshima yake ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Alipokuwa mtoto, mwili wake haukupatana na maziwa, mayai wala samaki, akakuzwa kwa mboga hizi hizi. Alipokuwa mtaalamu akazifanyia utafiti, na mwaka wa 2010 alipewa tuzo ya Umoja wa Afrika kwa wanawake wanasayansi. Kumbe kilichokuwa kinang'olewa kama magugu kilikuwa na thamani kubwa.

Sukuma wiki nayo ni nzuri, msiing'oe. Lakini mboga moja kila siku haitoshi. Panda tatu au nne karibu na jikoni, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Unapozipika, zioshe kwanza ndipo uzikate, usizichemshe mpaka zibadilike rangi, na usiyamwage maji yake, maana vitamini nyingi zinatoka humo. Ukiona mnavu ni mchungu, chuma majani machanga na utie maziwa kidogo, kama bibi zetu walivyofanya.

UKURASA WA PILI: KINACHOINGIA KUTOKA DUKANI

Hapa tutafanya hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sukari ya kiasi cha vijiko 12 vya chai kwa siku, na kwamba ni bora zaidi akibaki kwenye vijiko 6. Hiyo ni pamoja na sukari iliyo ndani ya soda, biskuti na mandazi. Sasa hesabu: mtu anayetia vijiko vitatu kwa kikombe na kunywa vikombe vinne, tayari ana 12. Na chupa ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari ya vijiko 7.

Chumvi nayo, shirika hilo linasema isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, kisichojaa mlima. Chumvi iliyo kwenye mkate, chipsi na vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi imo katika hesabu hiyo.

Mtaniambia, "Mwalimu, nani atapima gramu jikoni?" Hakuna haja ya mizani. Chukua kalamu. Siku unapofungua pakiti ya sukari, andika tarehe juu yake. Ikiisha, andika tarehe tena. Nyumba ya watu wazima sita wanaotumia vijiko 6 kila mmoja itamaliza pakiti ya kilo 2 kwa karibu siku 14. Ikiwa yako inaisha kwa siku tano, umejua ukweli bila daktari. Fanya hivyo na chumvi pia. Kwa watu wazima sita, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 16. Palipo na watoto wadogo, ikae zaidi.

Ukitaka kupunguza, usipunguze siku moja mpaka nyumba ikagombana. Toa nusu kijiko wiki hii, nusu kijiko baada ya wiki mbili. Ulimi unazoea. Na chumvi isikae mezani, ibaki jikoni kwa anayepika.

Neno moja juu ya unga. Mahindi yakikobolewa mpaka yawe meupe pe, pumba na kiini vinaondolewa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini na mafuta yake mazuri. Unga wa posho mliosaga na ganda lake ni chakula cha heshima. Na githeri, wazee walijua walichofanya. Mahindi pekee hayajengi mwili vya kutosha, lakini kile kinachokosekana kwenye mahindi kimo kwenye maharagwe. Vikikutana sufuria moja vinasaidiana, kama wanachama wa kikundi.

UKURASA WA TATU: NANI ANAKULA NINI

Ukurasa huu unaleta maneno, lakini lazima tuufungue. Katika nyumba nyingi, nyama inaanzia kwa mzee, halafu wavulana wakubwa. Mama anakula mwisho, na mara nyingi anafuta sufuria kwa kipande cha ugali. Mtoto wa mwaka mmoja anawekwa kwenye sahani moja na kaka zake, na mkono wake ni mdogo. Kabla hajameza tonge la kwanza, wenzake wamemaliza.

Matokeo tunayaona. Uchunguzi wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 18. Tumepiga hatua, tushukuru. Lakini hao 18 bado ni watoto wetu. Kudumaa si ufupi wa ukoo tu. Huenda pamoja na ubongo usiokua inavyotakiwa, na miaka miwili ya kwanza ikipita ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Basi mtoto apewe maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Baada ya hapo aongezewe chakula, huku akinyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Awe na bakuli lake mwenyewe, ili mama aone amekula kiasi gani. Uji mtupu haumtoshi. Aongezewe yai, maharagwe yaliyopondwa, mboga, parachichi.

Na mama mjamzito asile mwisho. Akina baba, hapa nawaomba nyinyi. Siku utakaposema mezani, "Mama watoto, chukua kipande hiki," utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko semina kumi. Tena, chai isinywewe pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe, na madini hayo ndiyo yanayosaidia kutengeneza damu. Kunywa chai saa moja au zaidi kabla au baada ya kula. Badala yake, kula chungwa, au kamua ndimu juu ya mboga. Hiyo husaidia madini hayo kuingia mwilini.

UKURASA WA NNE: TUNAKULA NAMNA GANI

Chakula kizuri chaweza kuliwa vibaya. Siku hizi mmoja anakula akiangalia simu, mwingine amesimama mlangoni, mwingine anameza haraka kwa sababu bodaboda inangoja. Tumbo huchukua muda kabla ya kutuambia limeshiba. Anayekula mbio hupitisha kipimo kabla habari haijafika. Haraka haraka haina baraka, hata mezani.

Mnaposhukuru kwa chakula, msianze mara moja kama mbio za shule. Tulieni kidogo, muangalie sahani. Mboga iko? Cha kujenga mwili kiko? Au ni ugali mlima mzima na mchuzi wa kuulowesha? Tafuna polepole, zungumza na watoto, weka simu kando. Ukiona umeshiba, simama. Si lazima sahani imalizwe na mtu mzima kwa kuogopa kutupa. Pakua kidogo, utaongeza.

Na baada ya kula, mwili ufanye kazi. Anayelima na kuchota maji anafanya mazoezi tayari. Lakini yule anayekaa dukani kutwa, na anayepanda bodaboda kwenda nyumba ya tatu, naye atembee.

TUSINGOJE MAUMIVU

Mwanachama anaweza kusema, "Mimi sina ugonjwa, sisikii chochote." Shinikizo la damu, ile tunayoita presha, mara nyingi haliumi. Linakaa kimya mpaka siku mtu anapooza upande mmoja. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba watu wazima 94 katika kila 100 hawali matunda na mboga za kutosha.

Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii waligawiwa vifaa kote nchini, pamoja na mashine za kupima presha na sukari. Ulizeni wa kijiji chenu, mumwalike siku ya mkutano. Asipokuwa na mashine inayofanya kazi, kikundi kipange siku moja ya kwenda zahanati pamoja. Na aliyepewa dawa asiziache ati kwa sababu ameanza kula mnavu. Chakula husaidia dawa, hakizifukuzi. Abadilishe dawa kwa shauri la mganga wa hospitali tu.

KAZI YA KURUDI NAYO NYUMBANI

Sikuwaletea chakula kigeni. Karibu vyote nilivyotaja viko shambani kwenu au vinaweza kuota kabla ya msimu kuisha. Naomba kila mmoja afanye mambo matatu mpaka mkutano ujao. Kwanza, andika tarehe kwenye pakiti ya sukari na ya chumvi. Pili, tenga mayai au maziwa ya familia kabla ya kuuza. Tatu, panda mboga moja ya kienyeji ambayo huna. Mkikutana, kila mtu asome hesabu yake, kama mnavyosoma ya pesa. Asicheke mtu mwenzake, kwa maana hesabu mbaya iliyoandikwa ni bora kuliko nzuri ya kubahatisha.



Maswali ya kujadiliana

1. Katika mazao ya boma lenu, ni kipi kinauzwa chote bila familia kuonja? Kwa nini?
2. Sukari, soda na mkate huchukua sehemu gani ya pesa mnayopata kwa kuuza mazao hayo?
3. Nani hula mwisho nyumbani kwenu? Nani anaweza kubadilisha desturi hiyo?
4. Ni wanachama wangapi wamepimwa presha mwaka huu? Kikundi kitafanya nini juu ya waliobaki, na lini?