Mtoto Arudipo Nyumbani Baada ya Kupandikizwa Kifaa cha Kusikia

Leo nazungumza na mama ambaye mtoto wake amepandikizwa kifaa cha kusikia, na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mama anafika nyumbani, majirani wanakuja kumpa pole. Mmoja anaita jina la mtoto kutoka nyuma. Mtoto hageuki. Mwingine anapiga makofi. Mtoto hageuki. Mama anaanza kulia, akidhani upasuaji umeshindwa na pesa zimepotea.

Tulia, mama. Kifaa hiki kina sehemu mbili. Sehemu ya ndani ndiyo daktari aliyoiweka chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Sehemu ya nje, ile inayonasa sauti, huvalishwa na kuwashwa baadaye, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Kabla ya siku hiyo sikio hilo halisikii. Hata kama lilikuwa linasikia kidogo hapo awali, huenda usikivu huo umepotea. Kwa hivyo usimjaribu mtoto kwa kelele. Zungumza naye akikutazama usoni, na utumie ishara mlizozizoea. Ikiwa ana mashine ya kusikia ya sikio la pili, muulize mtaalamu ni lini anaweza kuivaa tena.

Sasa tuangalie kidonda. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Kisipate maji mpaka daktari akuruhusu. Mwogeshe mtoto mwili, lakini kichwa usikimwagie maji. Usipake wala kutia chochote sikioni: si mafuta ya moto, si maziwa ya mama, si dawa ya miti shamba, hata kama nyanya amesema iliwasaidia wengine. Usimfunge leso au kofia ya kubana, wala usimsuke nywele karibu na mshono. Alalie upande usio na kidonda.

Maumivu kiasi ni ya kawaida. Mpe dawa ya maumivu kwa kipimo ulichoandikiwa. Ukipewa dawa ya kuua viini, amalize yote hata akionekana amepona. Huenda pia akapata kizunguzungu kwa siku chache, kwa sababu sikio la ndani ndilo linalosaidia mwili kusimama wima. Mshike mkono, hasa penye ngazi na karibu na jiko. Asipenge kamasi kwa nguvu. Akipiga chafya, afungue mdomo. Michezo ya mbio, mpira, na kubeba mizigo ingoje ruhusa ya daktari.

Sikiliza vizuri hapa. Mrudishe mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona dalili hizi:
- homa kali;
- kidonda kuvimba, kuwa chekundu, au kutoa usaha;
- maji maangavu kutoka puani au sikioni;
- upande mmoja wa uso kulegea, au jicho kukataa kufumba;
- kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, au kulala kupita kiasi.

Dalili hizo za mwisho zaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye kifaa hiki yumo katika hatari zaidi ya ugonjwa huo kuliko watoto wengine, hata miaka mingi baada ya upasuaji. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya nimokoka iliingia katika chanjo za kawaida za watoto nchini Kenya mwaka wa 2011, lakini mtoto huyu huenda akahitaji nyingine za ziada. Nenda na kadi yake ya kliniki, uulize.

Mwisho, mama, usikose tarehe ya kuwasha kifaa. Siku hiyo mtoto anaweza kushtuka au kulia, maana sauti ni kitu kigeni kwake. Kujifunza kusikia huchukua miezi, na mwalimu wake wa kwanza ni wewe. Popote atakapotibiwa, sema kwamba ana kifaa kichwani, hasa wakitaka kumpiga picha kwa mashine ya sumaku.