Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Deni Limelipwa, Mtu Yuko Wapi?

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Wajumbe wa vikundi vya jirani kutoka Charambe, Kijichi na Tandika. Wazee wetu, akina baba mliotusindikiza, na akina mama wenzetu wote:

Wapo wenzetu watatu tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tuliposimama kimya pale mwanzo tuliwakumbuka wao.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2015 hapa Mbagala, chini ya mwembe, tukiwa akina mama 22. Hisa moja ilikuwa sh. 2,000 na mfuko wa jamii sh. 500 kila wiki. Sanduku la chuma lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake walikaa nazo watu watatu wasiolala nyumba moja. Leo tuko 30 na tunacho kijumba chetu cha kukutania. Tuna viti, maturubai mawili na masufuria makubwa tunayoyakodisha kwenye shughuli na misiba. Hesabu zote zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, kurasa za mbele za kitabu hiki, na kila mwanachama ana haki ya kuzikagua.

Jambo hili la kuweka pamoja hatukulianzisha sisi. Mama zetu walicheza upatu tangu zamani. Wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi mwaka 1983 ilipokuja sheria ya Nguvu Kazi, ambapo mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa akapelekwa kijijini. Mama akitoka na sinia la maandazi alitoka kwa wasiwasi. Baadaye, miaka ya tisini, viwanda na mashirika yakapunguza watu kazini, akina baba wakarudi nyumbani na barua mkononi, na sinia lile lile la maandazi ndilo likasomesha watoto. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba biashara ya mama ni ya kununulia chumvi tu, sisi tunamtazama tu.

Hata huu mtindo wa hisa na sanduku umetoka kwa akina mama wenzetu. Mwaka 1991 shirika la CARE liliuanzisha kule Niger, Afrika Magharibi, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hesabu waliziweka kichwani, wakakumbushana kwenye kikao. Kwetu Tanzania mtindo huo ulienea miaka ya mwanzo ya 2000, ndipo tukazoea kusikia jina la VICOBA. Sisi tuliomaliza darasa la saba tuna daftari, tuna kalamu, tuna na kikokotoo. Lakini leo tunataka kusema ukweli mmoja, kwamba daftari letu liliwahi kutupotosha.

Jamani, siku ya sherehe watu hupenda kusikia mazuri. Tulikaa kwenye kamati tukashindana wiki mbili kama jambo hili lisemwe au lisisemwe. Mwishoni tulimwuliza mwenyewe linayemhusu. Akasema, "Semeni, ila jina langu mliache, na msinionee huruma." Basi tunasema.

Mwenzetu huyu alikuwa akiuza maandazi na barafu za ukwaju kwenye geti la shule ya msingi. Barafu alizigandisha kwenye friji lake mwenyewe, alilolinunua kwa mkopo wa kikundi na akalimaliza kulilipa bila kuchelewa hata wiki moja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 akakopa tena kuongeza mtaji. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Si mnakumbuka hali ilivyokuwa? Mtu wa sokoni alipunguza, lakini yeye wateja wake walikwisha kwa siku moja. Maandazi ya watoto utamwuzia nani kama watoto wako majumbani?

Alikuwa anadaiwa sh. 430,000. Wiki ya kwanza tulimwelewa, ya pili tukamwelewa, ya tano tukaanza kunong'ona. Mwezi wa Mei tulikwenda kwake watu sita tukabeba friji, kama katiba yetu ilivyosema. Tukaliuza sh. 150,000. Zilizobaki, sh. 280,000, tukampa mpaka katikati ya Juni.

Tuseme na upande wetu pia. Fedha ile haikuwa ya mwenyekiti wala ya kamati. Ilikuwa ya wenzetu walioiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba na matibabu, nao mwaka ule walikuwa wamebanwa vile vile. Kumvumilia mmoja ni kumwambia mwingine avumilie kwa niaba yake. Hilo ndilo gumu la vikundi vyetu, na asiyewahi kukaa kwenye kikao cha namna ile asitucheke.

Ijumaa ya tarehe 12 Juni akaja na sh. 280,000 zote, taslimu. Tukahesabu, tukapiga makofi. Katibu akaandika kwenye daftari: deni limelipwa. Katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyemwuliza fedha ile ameitoa wapi. Haikupita wiki, ikatangazwa kwamba shule zote zitafunguliwa tarehe 29 Juni. Watoto wakarudi getini, yeye hana friji wala mtaji. Kikao kilichofuata hakuja, wala kile cha pili. Tukamfuta.

Fedha ile alikuwa ameikopa kwa wale wanaoitwa kausha damu. Alichukua sh. 300,000 ili arudishe sh. 390,000 kwa siku 30, yaani sh. 13,000 kila siku, Jumapili imo, siku ya msiba imo. Ukikosa siku moja kuna faini, na faini nayo inazaa. Alilipa siku tisa. Baada ya hapo vitu vya ndani vikaondoka kimoja kimoja, akahama chumba, na binti yake wa kidato cha pili akaacha shule akaenda kufanya kazi za ndani. Yote hayo yalitokea umbali wa daladala moja kutoka hapa, na sisi vitabu vyetu vilikuwa safi kabisa.

Tulijua mwaka uliofuata. Mmoja wetu alimwona Rangi Tatu amebeba nguo za watu za kufua. Alipomwita, yule mama akavuka barabara akapotelea kwenye watu. Habari ile ilipofika kikaoni palikuwa kimya. Tukachagua watu watatu waende. Alitupokea mlangoni, hakutukaribisha kukaa. Akasema, "Nyinyi mlinifuta kwenye daftari. Leo mmekuja na daftari gani?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi mara ya pili, na mara ya tatu ndipo akatoa mkeka.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo ndipo tulipojifunza kazi yetu upya. Wazo letu la kwanza lilikuwa kumpa mkopo. Bibi mmoja katika wanachama wetu akatukatalia. Alisema mtu aliyeungua kwa mkopo usimkimbilie na mkopo mwingine, hata kama wako ni wa riba ndogo. Atafutiwe kwanza kazi ya kumwingizia mia mbili ambayo hadaiwi na mtu. Tukamsikiliza.

Kwanza tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaitwa yule mkopeshaji, ikaandikwa mbele ya mashahidi kilicholipwa na kilichobaki. Kilichobaki tulikimaliza kutoka mfuko wa jamii. Pili, tulimpa kazi ya kutunza masufuria na viti vya kikundi na kusimamia jiko kwenye shughuli, kwa malipo ya kila siku anayofanya. Kwa muda mrefu hatukumtajia hisa. Alipoanza mwenyewe kuuliza, akaanza na hisa moja. Mkopo ulikuja mwisho, mwaka 2023, mkopo mdogo wa kumrudisha kwenye geti la shule. Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni huo: kazi kwanza, akiba ya pili, mkopo wa tatu.

Friji lile hatukuweza kulirudisha, maana lilikwishauzwa na aliyelinunua naye amelitolea jasho. Na binti hakurudi kidato cha pili, umri ulipita. Anajifunza ushonaji kwa mwanachama wetu mmoja, na anashona vizuri. Lakini hatutasema kwamba yote yamerekebishwa, maana hayakurekebishwa.

Tulibadilisha katiba. Sasa mtu akikosa marejesho mara tatu, kabla ya faini anatembelewa, na anayetumwa si mweka hazina. Chombo cha kazi hakibebwi: cherehani, friji, jiko, mkokoteni, hivyo haviguswi, kwa sababu ukimnyang'anya mtu jembe usimwulize mavuno. Mwenye shida ya kweli anasogezewa muda, na pengo linazibwa na fungu maalumu ndani ya mfuko wa jamii, ili mwenye kodi yake asiumie. Na mtu akija na fedha nyingi kwa ghafla tunamwuliza, "Umezitoa wapi, ndugu yetu?" Tunamwuliza kwa faragha, bila kumtoa aibu.

Kwa njia hiyo tumewashika mkono akina mama saba, wengine si wanachama. Watano wamesimama. Wawili hatukufanikiwa, mmoja alirudi kwao na mwingine hatujui alipo. Tunawahesabu wote saba.

Ndugu wanachama, tuseme na machache ya kutahadharishana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetutambua vikundi kama vyetu na kututaka tujisajili, nasi tumejisajili. Anayekopesha umma naye lazima awe na leseni. Kabla hujaweka sahihi, ulizia leseni, na usimwachie mtu kadi yako ya benki. Hata kwenye simu kuna mitego. Mwaka 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Tunayo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tuiombe, lakini tuiombe tukiwa na kazi mkononi, si tukiwa na njaa ya fedha. Mkopo ni maji ya kumwagilia. Kama hujapanda kitu, unalowesha udongo tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, na ninyi wafadhili wetu wa hapa hapa mtaani, wenye maduka, mafundi, walimu: mmetusaidia sana, na ahsanteni kwa tisheti hizi. Leo hatuombi fedha. Mkiwa na harusi, kitchen party, arobaini au mkutano, kodini viti vyetu na mtupe tenda ya chakula. Mkihitaji mshonaji wa sare za shule, tunaye. Kila shughuli moja ni siku moja ya kazi kwa mtu ambaye bado hatujampa mkopo kwa makusudi.

Akina mama, haba na haba hujaza kibaba, hilo tulilijua tangu siku ya kwanza. Kilichotuchukua miaka mitano kujua ni kwamba kibaba kinaweza kujaa na mtu akapungua, na kitabu kisionyeshe kitu. Kwa hiyo katika miaka kumi ijayo, kila tukifunga hesabu ya fedha tutafunga na hesabu ya watu. Ijumaa tukisoma majina, asiyeitika asiandikwe "hayupo" tu. Mmoja wetu ainuke aende.

Chakula kiko tayari, karibuni nyote. Wanachama msisahau kikao cha Ijumaa saa kumi jioni, kama kawaida, sherehe haifuti kikao.